Afanyalo Bila Kuambiwa

"Fomu ikipita mikononi mwangu hairudi," alisema Bwana Fomu, na kama anayeutia muhuri usemi wake akaipiga stepla ngumi moja, karatasi nne zikashikana kama wachumba. "Ikienda imekwenda. Shule yenyewe ndiyo itakayokuja kumtafuta mtoto."

Mama aliyesimama mbele ya meza, ameshika cheti cha kuzaliwa cha mwanawe ndani ya mfuko wa nailoni, alimtazama kwa jicho la mnunuzi wa nyanya.

"Hairudi tangu lini?"

"Tangu nianze kazi hii, mama yangu."

"Umeianza lini?"

"Hilo swali halimo kwenye fomu."

Barazani, fundi viatu alicheka kwa pua. Hakuwa na njia nyingine. Mdomoni alikuwa na misumari mitatu.

Duka lile lilikuwa na upana wa mlango na robo. Ndani yake mlikaa mashine ya kunakili iliyokohoa kabla ya kila karatasi, kompyuta iliyofikiri sana na kutenda kidogo, picha za pasipoti za watu waliosahau kuzichukua, na Bwana Fomu mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na sita aliyemaliza sekondari kwa alama ambazo alipenda kuzieleza kwa jumla tu. Ila kalamu alijaliwa. Msimu wa maombi ya shule za bweni ulipofika, wazazi walipanga foleni mpaka kwenye vifaa vya fundi viatu, kila mmoja akitaka mwanawe ajaziwe ile sehemu iliyowatoa watu jasho: *Mwombaji aeleze kwa nini anataka kusoma katika shule hii.*

Kwa swali hilo Bwana Fomu alikuwa na majibu matatu. La kwanza aliliita Daktari, la pili Mhandisi, la tatu Rubani. Daktari lilikuwa tamu kuliko yote: lilikuwa na bibi aliyekata roho, na mvua, na ahadi iliyotolewa kando ya kitanda. Mhandisi lilikuwa na daraja lililovunjika. Rubani lilikuwa na aya mbili tu, hivyo wino ulipokaribia kwisha, watoto wote wa siku hiyo walitamani kuruka angani.

Kama majibu hayo yaliwafikisha watoto walikotaka au yaliwaacha njiani, hakujua. Wateja wakishachukua karatasi zao hawakurudi, naye aliuhesabu ukimya wao kuwa ni shukrani. Uongo huwa na baba na mama. Majigambo ya Bwana Fomu yalikuwa yatima, hakuna aliyewahi kuuliza yamezaliwa wapi. Hata yeye hakuwahi.

Ndipo jambo lenyewe likapiga hodi nyumbani kwao. Dada yake, muuguzi wa wodi ya wazazi, alipata barua ya uhamisho. Muhula ujao angehamia kituo cha mbali, mahali ambapo shule ya sekondari iliyo karibu ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na katikati pana mto ambao mvua ikinyesha hauna mzaha na mtu. Binti yake wa pekee alikuwa anamaliza shule ya msingi. Ilikuwa lazima apate bweni, na bweni lililobaki na nafasi lilikuwa moja tu, la shule ya wasichana iliyochukua wanafunzi arobaini kwa mwaka. Wakiikosa hiyo, mtoto atavuka mto kila alfajiri, au abaki nyumbani. Dada hakutaka hata kulisema hilo la pili. Alilipita kama mtu anavyopita penye mbwa aliyelala.

Binti huyo mtaani aliitwa Kifuniko, kwa sababu neno likiingia kwake lilikuwa limefunikwa. Kwa miaka miwili, tangu zamu za mama yake zigeuke, alishinda dukani kwa mjomba wake kila alipotoka shuleni, amekaa juu ya boksi la karatasi nyuma ya mashine, akipanga zilizoharibika. Ukimwuliza jambo alikutazama kwanza, kama karani anayekagua sahihi, kisha akakujibu kwa maneno yasiyozidi manne.

Siku dada alipoileta fomu ya shule ile, palizuka mkutano pale barazani bila mwenyekiti.

"Kubwa kuliko yote ni picha," fundi viatu alisema baada ya kutema misumari kiganjani. "Mwalimu naye ni mtu. Fomu zimerundikana mpaka darini, atasoma ngapi? Anaangalia uso. Mtoto akinuna kwenye picha, kwaheri."

"Kubwa ni alama," dada alisema. "Na alama anazo."

"Alama wanazo wote, Dada. Kubwa ni lugha." Bwana Fomu alikuwa ameshawasha kompyuta na kutunisha vidole. "Umeniletea mtoto wa muuguzi! Huyu ni Daktari hata kwa kuzaliwa. Bibi akikata roho hapa, mkuu wa shule atalowesha leso mbili."

"Bibi yupi?" Kifuniko aliuliza toka nyuma ya mashine.

"Bibi wa kwenye fomu."

Dada akafunua ukurasa wa mwisho, akausoma, akaurudia, kisha akauweka juu ya kibodi kama anayewasilisha hati ya mahakama. Mahali pa kueleza ndoto hapakuwapo. Palikuwa na mistari sita mitupu, na juu yake:

*Swali la 14. Lijazwe kwa mkono na mlezi anayekaa na mtoto muda mrefu zaidi kila siku. Ni jambo gani mtoto huyu hufanya bila kuambiwa? Tafadhali usiandike lile unalotamani alifanye. Mlezi atakayejaza ndiye atakayekuja na mtoto siku ya mahojiano.*

"Mlezi anayekaa naye muda mrefu zaidi," dada alisema. "Huyo ni wewe."

"Rahisi," akajibu Bwana Fomu. Akachukua kipande cha karatasi, akaandika kwa mwandiko wa kunyumbuka: *Mtoto huyu hujisomea vitabu bila kuambiwa.*

"Vitabu gani?"

"Vya shule."

"Hivyo huambiwa."

"Basi husaidia kazi za nyumbani."

"Hizo namwambia mimi, tena mara tatu." Dada aliketi juu ya boksi la pili. Sare yake ilikuwa na doa la dawa begani. "Mdogo wangu, acha utani. Unashinda naye kuanzia saa nane. Miaka miwili! Hufanya nini?"

"Anakaa."

"Anakaa?"

"Anakaa vizuri."

Dada akacheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. "Wanangu wa wodini nawapokea wakiwa na dakika moja duniani," alisema polepole. "Ukinifumba macho nitakwambia yupi analia. Huyu wangu hata mimi sijui akiwa peke yake hufanya nini." Akainuka, akajifuta magoti ambayo hayakuwa na vumbi. "Zimebaki siku tisa. Ukiandika uongo, nitajua, maana utakuwa umeandikwa vizuri."

Jioni ile Bwana Fomu aliligeuza lile swali kila upande, kama mtu aliyepewa tunda asilolijua ganda lake wala kokwa yake. Alikuwa amejaza fomu za mamia ya watu. Alijua tarehe zao za kuzaliwa, uzito wao, mizio yao, majina ya babu zao. Lakini maswali yale yote yalikuwa na majibu mahali fulani, kwenye cheti au kitambulisho. Hili halikuwa na karatasi nyuma yake. Likamkera, na baada ya kumkera likamtekenya.

Kesho yake alijaribu njia ya mkato.

"Kifuniko, mwanangu. Wewe hufanya nini bila kuambiwa?"

Mtoto akamtazama, ule utazamaji wa karani.

"Napumua."

"Kingine?"

"Swali ni la mlezi, Mjomba."

Fundi viatu alimeza mate vibaya, nusura ameze na msumari.

Ilipofika saa kumi Kifuniko akachukua mkoba wake, akasema "Natoka," akatoka. Kwa miezi mitatu sasa alitoka hivyo kila siku, na kila siku alirudi saa kumi na moja na nusu. Bwana Fomu akajigonga paji la uso. "Tuisheni! Huyu hakosi tuisheni! Fundi, nimepata. Huhudhuria masomo ya ziada bila kuambiwa."

"Tuisheni ya nani?"

"Ya yule mwalimu wa hesabu, kule nyuma ya kiwanda cha matofali."

"Yule mbona alihama tangu wakati wa mvua? Mimi ndiye niliyemshonea viatu vya safari." Fundi aligeuza soli, akaikagua. "Nani alikwambia anakwenda tuisheni?"

Bwana Fomu akafikiri. Hakuna aliyemwambia. Aliona mkoba, akamalizia mwenyewe. Mtoto hakuwahi kusema zaidi ya "Natoka", na yeye hakuwahi kusema "Unakwenda wapi?" Miezi mitatu, saa moja na nusu kila siku, binti wa dada yake alikuwa mahali fulani duniani, na yeye alikuwa hapa akiwaua mabibi wa watu.

Kwa hiyo akaamua kumfuata.

Siku ya kwanza alishindwa kwa sababu ya umaarufu. Kila baada ya hatua kumi mtu alimwita, "Bwana Fomu, habari za kazi!", naye hakuwa mtu wa kuacha salamu idondoke chini. Alipomaliza kumjibu mke wa fundi bomba, Kifuniko alikuwa ameshayeyuka kwenye kona.

Siku ya pili alivaa kofia na kuinamisha uso. Alimfuata mpaka mtaa wa nyuma, akamwona anasimama kwenye ua wenye mlango wa mabati. Upande wa pili wa njia palikuwa na lori la maji limeegeshwa. Akajibanza nyuma yake, shavu kwenye chuma, anachungulia kwa jicho moja. Mwanamke mmoja alitoka, trei ya mayai kiunoni. Kifuniko akatoa daftari mkobani. Wakaongea. Mtoto akaandika. Hapo ndipo dereva wa lori alipokumbuka kazi zake. Injini ikanguruma, lori likaondoka, na Bwana Fomu akabaki katikati ya njia amechutama, kofia usoni, akichungulia hewa. Alijifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Bahati njema, au hivyo ndivyo alivyodhani, Kifuniko hakugeuka. Alipokwisha kwenda, Bwana Fomu akapiga hodi.

"Samahani, mama. Yule mtoto alitaka nini?"

"Mwezi uliopita alikuja kuuliza kama mwanangu aliitwa ile shule aliyoomba mwaka jana. Leo amerudi kuuliza anaendeleaje." Mama wa mayai aliweka trei chini, akamchungulia chini ya kofia. "Kumbe ni wewe! Bwana Fomu!"

"Ndiye mimi." Kwa mazoea alitabasamu. "Na... aliitwa?"

"Aliitwa wapi! Aliishia kwenye mahojiano. Walimwuliza habari za bibi yake aliyefia mikononi mwake kwenye mvua. Bibi alikuwa nje anamsubiri, ameshika mwavuli. Mtoto akaangua kilio. Kisha wakamwuliza udaktari. Binti yangu huyo akiona tone la damu anakaa chini." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka ule. "Niliapa nikikuona nitakurushia yai. Lakini mayai yamepanda."

"Pole sana, mama. Mimi sikujua."

"Ungejuaje? Hukuja kuuliza. Amekuja huyu mdogo." Akainua trei. "Tena siku ile ya kwanza alikaa chini na mwanangu, akamwuliza sasa anafanya nini. Mwanangu alifurahi wiki nzima."

Usiku ule lile jigambo la fomu isiyorudi halikumtoka tena mdomoni. Lilikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku ya tatu Kifuniko alikwenda kwa seremala, na mjomba wake, aliyekwishajifunza jambo kuhusu magari, alijificha nyuma ya ukuta. Mtoto alipoondoka akaingia karakanani, akasimama kwenye maranda mpaka kwenye vifundo vya miguu. Seremala alimpokea kwa mikono miwili.

"Binti yangu yuko shuleni, bwana! Muhula wa pili huu. Nashukuru sana."

Moyo wa Bwana Fomu ukapanda. "Nilimwandikia lipi? Mhandisi?"

"Hukumwandikia. Umesahau? Umeme ulikatika, ukatuambia nendeni mkajaze wenyewe. Akajaza hapa hapa, kwa hii penseli yangu ya mbao. Aliandika kwamba anataka kujua kwa nini mlango uliofunga vizuri wakati wa kiangazi hugoma kufunga wakati wa mvua, na kwa nini mimi baba yake humlaumu fundi bawaba." Seremala akacheka. "Aliniaibisha kidogo. Lakini aliitwa."

"Na huyu mpwa wangu... amekwambia amezunguka nyumba ngapi?"

"Thelathini na moja. Nilimwuliza walioitwa ni wangapi, akasema saba, na wangu wa nane."

Bwana Fomu alirudi polepole. Wanane kati ya thelathini na mmoja! Alijaribu kuwakumbuka watoto hao wanane ni akina nani, na kila aliyemkumbuka alikuja na siku yake: siku umeme ulipokatika; siku mbili alizolala akiumwa jino; asubuhi ile kompyuta ilipogoma. Ni siku alizowaambia watu, "Leo siwezi, nendeni mkajaze wenyewe." Alisimama katikati ya njia. Mwendesha baiskeli akamkwepa na kumtukania ukoo, lakini hakusikia. Kilichomshangaza hakikuwa aibu, ingawa aibu ilikuwapo ya kutosha na kubaki. Kilichomshangaza ni kwamba jambo lote hili lilikuwa wazi siku zote, umbali wa mitaa mitatu, likimsubiri mtu mwenye miguu na swali.

Aliijaza fomu jioni hiyo. Kwa mkono, maana ndivyo ilivyotakiwa, na polepole, kama mtu anayejifunza kuandika. *Mtoto huyu huuliza yaliyowapata watu baada ya sisi wengine kuwasahau. Kuna mtu mmoja mtaani kwetu huwajazia watoto fomu za shule. Mtoto huyu huenda nyumba kwa nyumba kuuliza kama walipata, na sasa wanafanya nini. Hakuna aliyemtuma. Ana daftari.*

Dada aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Aliisoma mpaka mwisho, akarudi juu.

"Haijaandikwa vizuri," alisema, na macho yalikuwa yanamng'aa.

"Sivyo ulivyotaka?"

"'Mtu mmoja mtaani kwetu,'" dada akasoma tena. "Namfahamu?"

"Juu juu tu," akajibu mdogo wake.

Fomu ikapelekwa asubuhi iliyofuata. Siku hiyo hiyo, saa tisa na nusu, Bwana Fomu alifunga duka mapema, akamwambia fundi viatu kwamba anakwenda kutafuta wino.

"Wino upande huo?" fundi aliuliza.

Bwana Fomu alikuwa ameshakata kona.

Baada ya wiki tatu waliitwa kwenye mahojiano. Dada alikuwa zamu. Aliwaaga tangu alfajiri, akamkaza bintiye kola mara nne, na mdogo wake mara mbili.

Chumba cha mkuu wa shule kilinukia chaki na sabuni. Rafu zilijaa majalada hadi dirishani, na dirisha lilitazama uwanja ambako wasichana walikuwa wakibishana kuhusu mstari wa wavu. Mkuu alikuwa mwanamke mwembamba, mikono ya blauzi ameikunja kama mtu aliyeacha kufua, miwani inaning'inia kifuani. Mbele yake palikuwa na marundo mawili ya fomu, moja refu na moja fupi. Fomu ya Kifuniko haikuwa katika lolote. Ilikuwa katikati, peke yake.

"Nimesoma fomu mia mbili na kumi," alianza. "Watoto mia moja na themanini hujisomea vitabu bila kuambiwa. Wengine hutandika vitanda vya familia nzima. Nabaki najiuliza, ni nani basi anayetuvunjia vioo." Akavaa miwani. "Wewe umeandikiwa kwamba huuliza. Ulianzaje?"

Kifuniko akamtazama kwanza. Mjomba wake akaomba kimoyomoyo kwamba maneno yapite manne.

"Nilikuwa napanga karatasi zilizoharibika," mtoto alisema. "Nikaona bibi mmoja amekufa kwenye fomu nane. Nikataka kujua ni bibi wa nani."

"Ukagundua?"

"Nilikwenda kote nane. Mabibi wote ni wazima. Mmoja anauza mkaa."

Mkuu alikohoa ndani ya ngumi, kikohozi chenye meno. "Na huyu mtu mmoja wa mtaani, mwandishi wa misiba. Ni nani?"

Bwana Fomu aliona dari inashuka. Alitazama uwanjani kwa hamu kubwa, kana kwamba mstari wa wavu ulikuwa unamhusu.

"Namfahamu," Kifuniko alisema. "Naweza nisimtaje?"

"Kwa nini?"

"Bado sijamaliza kumwuliza."

Mkuu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa sababu inayotosha. Kisha akamgeukia mlezi. "Nawe, bwana. Mtoto hasemi sana, naona. Alikueleza mwenyewe mambo haya?"

"Hapana, Mwalimu." Baada ya kuokoka, ulimi wake wa zamani ukarudi mbio kama mbuzi aliyeona mlango wazi. "Mlezi ni mlezi. Mtoto huyu mimi namsoma kama gazeti. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Kifuniko akageuka taratibu.

"Mjomba alinifuata siku tatu, Mwalimu," alisema. "Siku ya kwanza alisimama kusalimia watu. Nilimsubiri kwenye kona, hakuja. Siku ya pili alijificha nyuma ya lori la maji."

"Uliniona?"

"Mjomba, lori liliondoka."

Safari hii mkuu hakuwa na ngumi ya kutosha. Alivua miwani na kuifuta, na alipomaliza kuifuta akaifuta tena. Bwana Fomu alisubiri mpaka heshima yake ikusanyike walau nusu.

"Ilikuwa kwa ajili ya fomu tu, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Swali lilikuwa gumu. Lilipojibiwa, nikarudi kwenye shughuli zangu."

"Siku ya nne fomu ilikuwa imeshapelekwa," Kifuniko akaendelea, bila kupandisha wala kushusha sauti. "Nilipopita kwa mama wa mayai nilimkuta Mjomba ameshatangulia. Amekaa juu ya ndoo, anaongea na binti yao. Na juzi tena. Sikuingia. Niliona nitawakatiza."

Uwanjani ubishi ulikwisha. Mpira ulianza kugongwa, pu, pu, juu ya ardhi ngumu.

"Nani alimtuma?" mkuu aliuliza. Alimwuliza mtoto, lakini macho yalikuwa kwa mtu mzima.

Kifuniko alifikiri kwa uaminifu. "Sijui. Mama alikuwa kazini."

Kengele ikalia nje. Katika varanda palisikika viti vikivutwa. Mzazi mwingine na mtoto mwingine walikuwa wameinuka, wakidhani wameitwa. Mkuu hakuinua kichwa.

"Na huyo binti wa mayai," alimwambia Bwana Fomu, "hufanya nini?"

Bwana Fomu alifungua mdomo. Kwa mazoea alitafuta lipi kati ya yale matatu lingefaa, akakuta hakuna hata moja lililokuja.

"Huyainua mayai dirishani," alisema. "Moja moja. Huyaweka mbele ya mwanga kabla mama yake hajayapanga. Nilidhani anatafuta yaliyopasuka. Anasema anatafuta lenye mtu ndani."

Mkuu aliegemeza viwiko mezani. Kando yake Kifuniko alikuwa ameshafungua daftari gotini, na kalamu ilikuwa juu ya mstari mtupu.

"Hilo mimi hakuniambia," alisema. "Huliinua kwa mkono upi, Mjomba?"

Bwana Fomu akafumba macho ili aone vizuri.